Zimwi na Kikombe cha Chai

Mama wa marehemu alikuwa amekileta kikombe cha chai mdomoni pale dereva wa teksi aliposema kwamba aliyemkera kuliko wote ni lile zimwi.

Wasomaji walikuwa wameketi duara katika duka la vitabu, wakijadili riwaya iliyotoka baada ya mwandishi kuzikwa. Mama yake ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima. Kitabu chenyewe cha binti yake hakuwa amekisoma. Kila akikifungua, macho yalimjaa machozi.

"Linamfungia binti yake mnarani, eti asije akaumwa," dereva aliendelea. "Hata chai halimpi mpaka liipulize mara tatu, na binti ni mtu mzima."

"Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha," fundi cherehani akadakia. "Hili lilimmaliza. Utusamehe, mama, tunasema kitabu tu."

"Semeni, wanangu."

Wote wakamtazama, kwa adabu.

Midomo yake ilikuwa imechongoka juu ya mvuke. Alikuwa ameshapuliza mara mbili.

Akainywa hivyo hivyo, ya moto.