Zulia la Bi Mashavu

Siku Bi Mashavu aliporudi kutoka hospitali, akitembea kwa mkongojo, kitu cha kwanza alichokiona sebuleni ni sakafu tupu. Mbao ziling'aa kwa nta hadi dirishani.

"Zulia langu liko wapi?"

"Nimelikunja," alisema Kitwana, mumewe. "Ndilo lililokutelezesha ukavunjika nyonga."

"Nilikuwa nakimbilia simu. Litandike, Baba Mwanakombo. Sitaki kukaa kwangu kama niko wodini."

Kitwana hakubishana. Alimkalisha kitini, akaenda dukani, akarudi na wavu wa mpira wa kuzuia zulia lisiteleze, mdogo kidogo kuliko zulia lenyewe. Alipiga magoti akaifuta nta mahali pale, akautandaza wavu, kisha akalilaza zulia juu yake na kulinyoosha kwa viganja mpaka pembe zote zikatulia. Akasimama juu yake, akalisukuma kwa kisigino. Halikusogea. Akarukaruka, mtu mzima yule, hata Bi Mashavu akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Basi nije," alisema.

"Mimi bado naogopa," alisema Kitwana kwa sauti ya chini. "Kile kishindo nilikisikia nikiwa jikoni. Nakisikia mpaka leo."

Bi Mashavu aliinuka kitini. Kisha akauegemeza mkongojo ukutani, akamshika bega, akavua kandambili na kuukanyaga ukingo wa zulia. Taratibu, kidole kimoja kimoja, mkono wake ukaanza kuliachia bega la mumewe.