Namba ya Mlangoni

Kila asubuhi, hata kabla ya kuamkiwa, Mzee Kihiyo hujikongoja kwenda kutazama skrini iliyobandikwa juu ya mlango wa bintiye. Inaonyesha ni mara ngapi watafiti wengine wametaja kazi za Dakta Nakiete mwaka huu. Namba hiyo ndiyo inayopanga zamu za familia yake hospitalini, na mzee anasafishwa figo.

Jana ilikuwa tatu. Zamu yake ikasogezwa hadi mwezi ujao, na miguu imeshaanza kuvimba.

"Andika kitu kingine, mwanangu."

"Niandike nini, baba? Homa ya kupe imekwisha."

Chanjo yake ndiyo iliyoimaliza, yapata miaka tisa sasa. Hakuna anayeandika tena juu ya homa hiyo, kwa hiyo hakuna anayemtaja. Alipokwenda kulalamika, karani alimjibu kwa upole, "Mashine haihesabu wasiougua, Dakta."

Leo alikuwa akikoroga uji aliposikia makofi mlangoni.

"Nakiete! Kumi na saba! Njoo uone, sasa ishirini na tisa!"

Simu ikaita. Ni hospitali: mzee aletwe leo hii hii.

"Wamekukumbuka! Si nilikwambia?" Mzee alicheka huku machozi yakimtoka.

Nakiete alisimama na mwiko mkononi. Hamsini. Sitini na mbili. Watu wote hao, kwa asubuhi moja, wanaandika juu ya homa ya kupe.

"Ndiyo, baba," alisema, akapiga magoti kumvisha malapa, asije akamwona uso.