Kila Mgonjwa na Maji Yake

"Mtoto ana joto?" aliuliza Daktari Mwiti, akiipokea chupa ya maji kutoka kwa Amran.

"Hana hata kidogo."

"Vizuri. Anakula?"

"Hajala tangu Ijumaa, daktari."

Mwiti hakushtuka. Watu wa Meru walimwita daktari kwa mazoea tu, maana alichosomea kilikuwa kozi ya miezi mitatu. Dawa yake ilikuwa mzizi wa susi, ule mtamu wa kutuliza kifua, ila hakuuchemsha kama wauza miti shamba wa sokoni. Alitia tone moja la maji ya mzizi uliolowekwa kwenye maji mengine, akatikisa, akachukua tone la hayo akalitia kwenye mengine, hivyo hivyo mpaka susi yenyewe ikaisha kabisa. Eti hapo ndipo ilipopata nguvu. Na ili dawa imzoee mgonjwa, kila mtu alileta maji ya kwake.

"Kikohozi je?"

"Bado namsikia. Nyumba ikitulia tu, namsikia Qali akikohoa." Sauti ya Amran ilikuwa imekauka. "Naogopa kukaa peke yangu."

"Usiwe na wasi, mama Qali. Dawa huchokoza ugonjwa kabla ya kuutoa. Na ile pampu ya hospitali?"

"Si ulisema niitupe? Niliitupa."

Mwiti alifurahi. Wengi walimwitikia kisha wakifika nyumbani wanachanganya na za hospitali. Huyu alikuwa msikivu, na binti yake wa miaka sita akipona pumu, Wasomali wote wa mjini wangejaa hapa.

Alifungua chupa, akakunja pua. "Haya yananuka kama dawa ya kuchua. Umeweka nini?"

"Kafuri kidogo. Waliweka kina mama waliokuja kunisaidia."

"Kafuri inaharibu dawa, mama. Siku ingine wakataze."

Hata hivyo alitia tone lake, akaigonga chupa kiganjani mara kumi. Kisha, kama alivyofanya mbele ya kila mgonjwa ili aaminiwe, alimimina kifuniko kimoja akanywa. Amran alimkazia macho mpaka akameza.

"Umpe kijiko asubuhi na jioni. Alhamisi umlete mwenyewe, nisikize kifua."

"Hawezi kuja," Amran alisema. "Hayo maji ndiyo yaliyobaki Ijumaa tulipomaliza kumwosha, kabla wanaume hawajambeba kwenda makaburini."