Lumbesa ya Ngiri

Alikuwako ndege mmoja mkulima, Kwale, ambaye wanawe walikula makapi ili gunia la mtama lijae. Kila mavuno Ngiri alivuka mpaka kuja kununua, na hakuridhika mpaka gunia liwe lumbesa, lifurike na kuota kichwa juu ya mdomo.

"Jaza, mama. Wenzako wote wanajaza."

Kwale alijaza, maana mnunuzi mwingine hakuwepo.

Mwaka huu wanyama wa pande zote mbili walijenga mpakani lango la mawe, linalotosha gunia lililoshonwa mdomo sawasawa. Lumbesa ya Ngiri ikakwama hapo, mbele ya Kwale aliyemsindikiza, na mvua ikaanza kudondoka.

"Mama Kwale, nisaidie, mtama utaloa."

Kwale angeweza kwenda zake. Lakini alifumua mshono, akakitoa kile kichwa, akashona upya. Gunia likapita.

"Sasa nipe na hicho ulichopunguza," Ngiri alisema kutoka ng'ambo.

"Nilikuuzia gunia, bwana Ngiri, na gunia unalo," Kwale alijibu kwa upole, kisha akawaita wanawe.

Siku hiyo ndipo walipojua mtama wa mama yao una ladha gani.