Safari ya Mwisho Kabla ya Chelezo

“Mama, narudia tena,” karani wa safari alisema. “Ukisubiri miezi mitatu tu, meli hii utaikuta mpya. Magodoro mapya, bwawa jipya, milango mipya. Ukienda sasa utasafiri na kutu.”

“Nataka sasa,” Mama Cherehani akajibu.

Karani akashusha pumzi, akamweleza polepole kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Hiyo ilikuwa safari ya mwisho kabla ya meli kuingia chelezoni, kupandishwa nchi kavu na kukarabatiwa. Ingesafiri siku kumi, iwashushe abiria katika mji wenye chelezo, nchi za watu huko, na isiwarudishe. Kila mtu angejitafutia ndege ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana watu walikuwa wanaikimbia.

Ndiyo maana Mama Cherehani aliitaka. Akakata tiketi mbili za kwenda. Kisha, bila kupepesa jicho, akakata tiketi moja ya ndege ya kurudi, kwa jina lake mwenyewe.

Alimchukia mumewe, na aliyetaka kujua alimwambia. Alikuwa ameishi miaka thelathini na mmoja na Fundi Randa, seremala ambaye hakuwahi kuona kazi ya mtu asiikosoe, uji wa mkewe ukiwamo. Tangu afunge karakana yake alishinda nyumbani kutwa nzima, akisikiliza simu za mkewe na kufunua sufuria zake. Kila tofali la nyumba ile lilitoka kwenye cherehani ya mama huyu, lakini hati ilikuwa na jina la mume, naye aliilalia chini ya godoro. “Humu nitatoka nimebebwa,” alipenda kusema.

Basi na abebwe na meli. Angeachwa huko ugenini bila tiketi, na mpaka apate njia ya kurudi angekuta makufuli mapya mlangoni na shemeji zake wawili wamekaa sebuleni. Hapo tuone hati itamsaidia nini.

Mzee alipinga, kama kawaida yake. Wiki nzima alinung’unika kwamba hakuna mwenye akili anayepanda meli mbovu wakati nzima iko njiani. Mkewe hakumpumzisha. Alimwimbia asubuhi, akamwimbia mchana, akamwachia kijitabu cha safari mezani kando ya kikombe chake. Siku ya nane mzee akavaa miwani, akasoma ukurasa ulioorodhesha ukarabati wote: vyumba mia nne, makabati, sakafu, milango. Akausoma mara mbili, akakunja kijitabu na kukitia mfukoni.

“Haya. Tutakwenda na hiyohiyo.”

Bandu bandu huisha gogo, Mama Cherehani akajisemea, na jioni hiyo akampikia bila kugombana.

Siku ya kuondoka sanduku la mzee lilikuwa zito mpaka kishikio kikakatika. Mkewe alimuuliza kama amebeba mawe.

“Viatu,” alijibu.

Ndani ya meli waligombana siku zote kumi. Waligombana juu ya dirisha, juu ya mkoromo, juu ya nani aliyemaliza sabuni. Mzee aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa bawaba, akavuta kila mtoto wa meza na kuuliza ni mpumbavu gani aliyeitengeneza. Asubuhi alipotea na msimamizi wa mafundi, aliyepanda mapema ili kupima vyumba kabla ya kazi kuanza. Mama Cherehani alimwonea huruma yule bwana kwa masikio yake.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Alikuwa ameandaa uongo mzuri kuhusu tiketi za kurudi, akaufanyia na mazoezi mbele ya kioo, lakini mzee hakuuliza hata mara moja. Uongo wa watu ukaoza bure.

Asubuhi ya kushuka alimkuta amekaa kitandani akichonga penseli kwa kisu, maganda yakiangukia shuka.

“Nakwenda dukani kununua nyuzi,” mkewe alisema.

Siku nyingine angetaka kujua duka gani, nyuzi za nini, na kama za nyumbani zimekwisha.

“Usiwe na haraka,” mzee alisema, macho kwenye penseli yake.

Akatoka na mkoba wake, na alipofika ngazi ya kushukia akaanza kukimbia. Uwanja wa ndege alifika akitweta. Angani alicheka peke yake mpaka jirani yake akaomba kuhamishwa kiti.

Alifika kwake siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, jua limeshika ua wote. Ufunguo ukakataa. Akaugeuza huku na huku, akautemea mate, akajaribu tena. Ndipo alipoona kwamba kitasa kilikuwa kipya, bado kina karatasi ya dukani. Akawalaani kaka zake kwa kiherehere chao, maana aliwaagiza wamsubiri kwanza. Akagonga kwa ngumi.

Akafungua mwanamke asiyemjua, mwenye mtoto kiunoni. Nyuma yake, pale ukumbini, lilikuwa sanduku jipya la mbao, limepigwa randa likalainika, na kwenye kifuniko limeandikwa kwa penseli ya seremala: CHEREHANI.

“Karibu, mama,” yule mwanamke alisema kwa adabu, akajisogeza ili sanduku lipite. “Mzee alipotuuzia nyumba alituambia tukutunzie hii. Alisema utafika Alhamisi, peke yako.”