Diski ya Barabarani

Bosi wa studio alimshika muuza diski ukosi mbele ya wateja wake, akamkokota hadi kituo cha polisi. Mkono wa pili alibeba ushahidi: nakala ya barabarani ya albamu yake mpya, ndani ya bahasha ya nailoni. Hakuwa ameisikiliza. Takataka haisikilizwi.

"Mwizi huyu, afande," alimwambia mpelelezi, mama wa makamo mwenye miwani. "Albamu yangu imejaa stoo, maboksi yamefika dirishani. Yake inakwisha kabla ya adhuhuri."

"Kwa nini hawanunui yako?"

Bosi alichekea puani. "Watu hawana masikio. Wanataka cha rahisi tu."

Ndiyo maana hata bendi aliitimua. Mpiga gitaa alikuwa akirudia wimbo mmoja siku nzima, eti haujaiva. Kompyuta ilimaliza albamu nzima kwa wiki moja, na haikununa.

Muuza diski alikohoa. "Masikio wanayo, bosi. Wengine walianza kununua yako. Wakaitupa."

"Funga domo."

Bosi alitoa diski ya studio mfukoni, mpelelezi akaitia kwenye redio ya mezani. Ngoma ikagonga, ikagonga, ikagonga vile vile; sauti ya mwimbaji ikakwaruza kama bati. Wimbo wa pili hakuumaliza. Akaweka ile ya barabarani.

Gitaa likaingia polepole, tarumbeta ikalijibu. Askari wawili wakachungulia mlangoni, wakasahau walikokuwa wakienda.

Bosi alilitambua gitaa lile, lakini alijikaza kiume. "Kumbe ni wale mambumbumbu niliowafukuza. Wamenipigia albamu yangu upya. Sikiliza maneno, afande. Ni yale yale, neno kwa neno."

"Kwa hiyo nyimbo ni zako? Umezitunga wewe?"

"Nani mwingine? Andika."

Mpelelezi aliandika, akamsomea, naye akatia sahihi. Kisha akavuta mtoto wa meza na kutoa daftari la shule lililochakaa. Nyimbo zote kumi zilikuwamo, zimekatwakatwa na kuandikwa upya, kwa tarehe za miaka minne iliyopita na mwandiko wa mpiga gitaa.

"Aliniletea wiki iliyopita," alisema. "Mwachie huyo ukosi, bosi, anauza kwa idhini ya mwenyewe. Wewe keti. Tulikuwa tunakutafuta."