Sukuma

"Dada, jana ulipokuwa kwenye maombi, ni nani aliyeniambia 'sukuma'?"

Jirani aliuliza hivyo Alhamisi asubuhi, alipokuja kuazima ndoo. Alikuwa amehamia mwezi ule ule, hakuwajua watu wa pale. Alibisha hodi, akaambiwa asukume, akasukuma, mlango ukafunguka. Ndani hakuona mtu, akarudi zake.

Mjane mwenye nyumba alimpa ndoo, akamwambia asijali, siku hizi nyumba ina vifaa vinavyojiendesha, ni kazi ya mwanawe. Kisha akaingia ndani, akakaa kwanza.

Marehemu mumewe alikuwa seremala, na mlango wa seremala ndio uliokuwa mbovu kuliko yote mtaani. Mvua zikinyesha ulivimba, ukang'ang'ania fremu. Basi mgeni akibisha hodi, yeye hakujibu "karibu" kama watu. Alijibu "sukuma." Walimcheka mpaka wakachoka.

Alipokwisha kuzikwa, mtoto wao wa pekee alikuja na maboksi mawili ya vifaa. Walimwita Swichi tangu utotoni, kwa tabia yake ya kufungua redio za watu. Sasa alikuwa mtu mzima, na kazi yake ilikuwa kupanga jinsi vifaa vinavyopokezana kumhudumia mtu: saa ya mkononi ihisi ameamka, iziambie taa, taa ziliambie birika. Kifaa kizuri, alisema, ni kile ambacho mtu hakumbuki kuwa kipo. Akaung'oa mlango wa baba yake, akaweka mwingine wenye kufuli linalosikia. Mgeni abishe hodi, mama aseme "karibu" popote alipo ndani, mlango ufunguke wenyewe.

Miezi miwili baadaye yakaanza mambo. Kila siku, saa kumi na mbili jioni, taa za korido ziliwaka moja baada ya nyingine, kama zinampisha mtu. Kisha birika likaanza kunguruma. Kisha redio ikajipunguza sauti. Ndivyo marehemu alivyokuwa akirudi kutoka karakana: korido, chai, halafu hataki kelele.

Mjane alimpigia mwanawe simu. Swichi akasema huenda ni baba, na mwanamke wa umri wake hafai kubaki peke yake katika nyumba ya namna hiyo. Ahamie kwake, chumba kipo, hii ifungwe. Aliyarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mjane alisali. Kila jioni aliogopa, lakini hakufumba macho. Alitazama.

Jumamosi Swichi alifika na maboksi matupu ya kufungia nguo za mama yake. Wakakaa jikoni, kila mmoja upande wake wa meza. Swichi aliilaza simu yake kifudifudi, kiganja juu yake.

Saa kumi na mbili ilipotimia, taa zikawaka. Birika likanguruma. Redio ikashuka.

"Umeona mwenyewe, mama," Swichi alisema. "Baba anatembea."

Mama alikuwa akichambua mchele kwenye sinia, hakuinua kichwa.

"Baba yako mwaka wake wa mwisho hakupita korido hiyo hata siku moja. Miguu ilimkataa. Nilimtandikia godoro sebuleni, akalala hapo mpaka Mungu alipomchukua. Sasa huu ni mzimu gani uliopona miguu kaburini?"

Swichi aliivuta simu karibu zaidi.

"Ungekuja kumwona," mama alisema, "ungejua."

Swichi akaigeuza ile simu. Kwenye kioo palikuwa na vitufe vitatu: taa, birika, redio. Akasema yote, polepole, kama mtoto aliyevunja chungu. Baba alikufa yeye akiwa mbali, akisema atakuja mwezi ujao, na mwezi ujao. Aliogopa kuwa mama naye ataondoka hivyo hivyo. Aliona kuwa akimsihi hatahama, ila akiogopa atahama.

Mama aliusogeza mchele kando. Alimwambia amemsamehe taa, na birika, na redio. Wafu wana Mwenyewe, hawana shida na chai. Lakini yeye hahami, na maboksi ayarudishe alikoyatoa.

"Ila lile la kumtishia jirani, hapo ulivuka mpaka. Nenda ukamwombe radhi."

"Lipi, mama?"

"La 'sukuma.' Au utasema si wewe?"

Swichi alimtaka amweleze. Akamweleza: Jumatano, maombi, hodi, mlango kufunguka. Aliposikiliza mpaka mwisho, kiganja chake kilikuwa kimeacha alama ya jasho mezani.

"Mama, ule mlango sikuuwekea mdomo. Una masikio tu. Na haujui neno jingine ila 'karibu', tena kwa sauti yako na yangu."

Nje, ndara zikaburuzwa mpaka kizingitini.

"Hodi," jirani aliita. "Nimerudisha ndoo yenu."

Mama na mwana wakatazamana. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Sukuma," ikajibu sauti kutoka sebuleni, upande ule lilipokuwa godoro.

Kufuli likalia, ta. Swichi akainuka, akaacha maboksi, akaacha simu mezani, akampita jirani pale mlangoni na ndoo yake, akaenda zake.